Mkanda wa Posa ya Namawala

Vijana wakinijia kuniuliza namna ya kutumia kamera ya video, huwa nawapa yale yale niliyofundishwa, halafu naongeza moja ambalo sikufundishwa na mtu. Kabla hujaondoka mahali, rudisha mkanda nyuma, vaa hedifoni, sikiliza. Wakiniambia kamera za sasa hazina mkanda, nawajibu kwamba masikio bado wanayo. Wananiona mzee mwenye visirani. Waniite watakavyo.

Kazi hii niliipata Morogoro mjini, miaka ya tisini ikielekea mwisho, kwa fundi mmoja mwenye sura ya kununa tangu asubuhi. Alinifundisha kwa kamera kubwa za kubeba begani, zile ambazo ukipiga harusi moja unalala na mafuta ya kuchua. Masharti yake yalikuwa mengi na hayakuwa na mjadala. Kabla ya kurekodi, ionyeshe kamera karatasi nyeupe ili ijue weupe ni upi, na ukitoka juani kuingia ndani ionyeshe tena, la sivyo shela la bibi harusi litatoka la bluu kama sare ya shule. Usivute picha karibu kwa kidole wakati una miguu, sogea. Usiitoe kamera mahali penye baridi ukaipeleka kwenye joto la bondeni bila kuifunga kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu itatoka jasho kwa ndani na mkanda utanata. Betri ya pili ikae mfukoni mwako, si kwenye begi.

Halafu kulikuwa na masharti matatu aliyoyapenda kuliko mengine. Kile kitaa chekundu cha mbele, kinachowaka kamera inaporekodi, kizibe kwa plasta nyeusi, maana mtu akikiona anakauka kama anapigwa picha ya polisi. Ule mlio wa kamera inapoanza na inapokoma, uzime, maana kanisani ni aibu. Na yale maandishi yanayoonekana ukichungulia kwenye kitundu, ya kukuambia inarekodi au imesimama, yazime pia. "Ukisoma herufi hutamwona mtu," alisema. Nikayashika yote matatu kama amri za Mungu, na hayo matatu ndiyo yaliyonifunga.

Niliporudi Ifakara nikaajiriwa na mwenye studio mmoja, naye muda si mrefu akaletewa na shemeji yake kamera ya dijitali. Kwanza tulidhani ametaniwa. Ilikuwa ndogo, inakaa kiganjani, na mkanda wake ulikuwa mkubwa kidogo tu kuliko kiberiti, ukionekana kwenye kadirisha kadogo ubavuni ambako kiganja hukafunika. Haikuwa na kioo cha pembeni kama za baadaye, unachungulia kitunduni tu. Lakini picha yake, jamani! Unaona hadi unga wa poda kwenye shingo ya bibi harusi. Mimi ndiye niliyekabidhiwa, na nikajiona nimefika. Nilitembea nayo Ifakara nzima kifua mbele, hata siku ambazo sikuwa na kazi.

Siku hizo bondeni kwetu video haikuwa video mpaka ionwe. Watu walikuwa wamechoshwa na wapiga video wanaokuja, wanazungukazunguka na mitambo, wanaondoka, na baada ya mwezi mkanda unaletwa mweusi tii. Kwa hiyo desturi ikajengeka vijijini. Mpiga video analala hapo hapo kwenye shughuli, kesho yake televisheni inaletwa, mkanda unaonyeshwa mbele ya wenyeji, wageni na yeyote mwenye macho, ndipo anaruhusiwa kwenda zake. Hakuna asiyejua utaratibu huo, hata watoto. Kama ni Namawala, televisheni na jenereta zilikuwa za mwenye mashine ya kukoboa mpunga, na kijiji kizima kilikuwa kinajaa uani kwake.

Nilikwenda Namawala kwa shughuli ya posa. Mposaji alikuwa mtu mzima wa Lipangalala, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, mgane aliyefiwa na mke, mpole, mtu ambaye ungemkopesha jembe bila wasiwasi. Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Baba yake alikuwa mkulima mkubwa wa mpunga na mtu wa neno moja, watu walipunguza sauti akipita. Msimamizi wa kila kitu alikuwa shangazi wa binti, mama mwenye kanga mbili na mdomo wa kutosha watu wanne. Tulifika na pikapu ya upande wa mposaji, tope hadi milangoni, nikamsalimia shangazi shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yote yako kwenye kamera. Akauliza kama kadude kale ndiko kamera au ni mtoto wake.

Kamera hiyo ilikuwa na kitufe kimoja tu cha kurekodi. Unabonyeza inaanza, unabonyeza tena inakoma. Wageni walipokuwa wanaingia uani nikabonyeza, nikahisi kidole kimeteleza kwa jasho, nikabonyeza mara ya pili kuhakikisha. Basi, hapo ndipo nilipoigeuza siku nzima. Tangu dakika hiyo, nilipodhani inarekodi ilikuwa imelala, na nilipodhani imelala ilikuwa macho. Kitaa kingeniambia, nilikiziba. Mlio ungeniambia, niliuzima. Maandishi yangeniambia, na hayo nayo nilikuwa nimeyafuta kwa kidole changu mwenyewe.

Barua ya posa ikasomwa, mshenga wa wageni akajibu maswali kwa maneno matamu, wazee wakatikisa vichwa. Kisha shangazi akatangaza chakula kabla ya binti kuitwa. Akaniamuru nilitue lile dude, hawezi kula linamtolea jicho. Nikabonyeza ili kuzima, nikaenda kuiweka juu ya kigoda kwenye banda la jikoni, kivulini, mahali ambapo hakuna wa kuikanyaga. Pembeni, juu ya mkeka, mama wa binti alikuwa anamalizia kumsuka bintiye. Niliwasalimu nikaenda zangu kula wali kwa perege wa mchuzi, na nilikula vizuri.

Baada ya chakula binti akaitwa ndani. Akapiga magoti kwenye jamvi, mwanga wa mlangoni unamwangukia upande mmoja wa uso, nami nikajisemea kwamba hata fundi wangu wa Morogoro angetabasamu leo. Baba akamwuliza kama anawafahamu wageni hawa. Akasema anawafahamu. Akamwuliza tuwapokee au tuwarudishe. Binti akasema ndiyo, tuwapokee. Vigelegele vikapasua bati. Nikazunguka na kamera nikichukua meno ya kila mtu.

Jioni mvua ikafunguka na haikufunga hadi alfajiri. Mto mdogo uliokuwa njiani ukapanda, pikapu ikarudi ilikotoka kwa kusukumwa. Tukalala wote pale, wageni kwa wenyeji, mimi nikapewa chumba cha stoo katikati ya magunia ya mpunga. Sikuwa na wasiwasi. Kwa vyovyote nisingeondoka kabla ya mkanda kuonwa.

Asubuhi, watu wanaota moto jikoni, nikafunga mlango wa stoo, nikakaa juu ya gunia, nikarudisha mkanda ili nijue mahali pa kuanzia mchana. Nikachungulia kitunduni. Nikaona ardhi. Nikaona ndala zangu zikitembea matopeni. Nikaona kiuno cha mtu, mguu wa meza, ardhi tena. Nikapeleka mbele, hakuna barua, hakuna mshenga, hakuna baba. Nilielewa kilichotokea mara moja, kama mtu anavyoelewa ameacha ufunguo ndani baada ya mlango kujifunga.

Kisha picha ikatulia. Ilikuwa imelala ubavu, inaonyesha ukingo wa mkeka na miguu miwili ya binti iliyokunjwa pamoja. Nikavaa hedifoni. Sauti za vyombo, kuku, na mama anamwambia ainamishe kichwa. Halafu sauti ya binti, safi, haina kwikwi, kama mtu anayesoma darasani.

"Mama, simtaki yule mtu. Sijamchukia, lakini simtaki. Baba akiniuliza nitasema ndiyo, kwa sababu namwogopa baba. Lakini simtaki."

Mama yake akamwambia ashushe sauti. Yeye hakushusha. Akarudia tena, neno kwa neno, na mwisho akaongeza kwamba anataka kila mtu ajue hivyo. Mama akaendelea na kazi yake, unasikia kitana kinapita kwenye nywele. Kisha akasema, "Hata mimi niliulizwa, nikasema ndiyo."

Nilivua hedifoni nikaziweka gotini. Huo ndio ulikuwa mkanda wa posa. Saa nane mchana kijiji kizima kingekaa uani kwa mwenye mashine, baba mtu amekaa mbele kwenye kiti chake, mposaji pembeni yake amevaa koti, na kwenye kioo ingetokea miguu ya binti na sauti ile. Mkanda mwingine sikuwa nao. Kutoka nisingeweza, mto umefunga. Kusema nimeupoteza nisingeweza, shangazi alikuwa ameshauliza mara mbili tangu alfajiri. Nilizunguka ndani ya kile chumba hatua tatu kwenda, tatu kurudi, magunia kushoto, magunia kulia, vumbi la mpunga linaniwasha shingo. Sijawahi kuogopa vile, na nimeshawahi kukimbizwa na nyati.

Nikatoka kunawa uso. Yule binti alikuwa anafagia uani. Akanisalimia, akaniuliza nimeamkaje, nikamjibu salama. Akatazama begi la kamera begani kwangu, akaniuliza polepole kama mkanda uko salama. Mimi nikauona uso wake umekaza, nikasema moyoni, maskini, anaogopa yasije yakasikika. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mkanda naulinda mimi mwenyewe. Akasema asante kaka, akaendelea kufagia.

Niliporudi ndani nilikuwa nimeshaamua. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikajiambia ninamwokoa na kipigo cha baba na aibu ya hadharani, nikajiambia namwokoa pamoja na mama yake. Vizuri sana. Ukweli ni kwamba nilijiogopea mimi. Niliogopa kuwa yule mpiga video aliyeenda kuchukua posa akarudi na ndala zake, niliogopa mwenye studio, niliogopa macho ya yule mzee. Binti alikuja wa tatu au wa nne katika hofu zangu, na hapo nimejipendelea.

Nikaurudisha mkanda hadi mwanzo, nikafunika lenzi kwa kifuniko chake, nikabonyeza kitufe mara moja, safari hii nikiwa nimeyawasha maandishi yote. Kamera ikaanza kurekodi giza juu ya maneno yake. Kwenye mkanda hakuna kufuta kwa mkupuo. Kama mtu ameongea nusu saa, utakaa nusu saa ukimfunika. Na kwa kuwa maiki ilikuwa inasikia, sikuthubutu kukohoa. Nilikaa juu ya gunia natazama tarakimu zinapanda. Ilipofika dakika niliyokumbuka ni ya mkeka, nikafumba macho, kama kwamba kufumba macho kungesaidia chochote. Nje fagio lake lilikuwa linakwaruza uwanja, nalo nadhani liliingia mkandani. Nilitamani kubonyeza kitufe nikome. Nilitamani mtu agonge mlango. Hakugonga mtu, na dakika zikapita zote.

Nikamwendea shangazi nikiwa na sura ya msiba, nikamwambia unyevu uliingia kwenye kamera jana, mkanda ukanata, umetoka mweusi, leo imekauka lakini ya jana yamepotea. Uongo huo ulinijia mwepesi kwa kuwa ni jambo la kweli, huwa linatokea. Akanitukana kwa Kindamba kwanza, ndipo akahamia Kiswahili ili na mimi nifaidi. Baba wa binti hakupaza sauti. Alinitazama tu kuanzia viatu kwenda juu, akasema kwamba wageni wake hawataondoka Namawala bila kitu cha kuonyesha kwao.

Mshenga ndiye aliyepata dawa. Alikuwa mtu wa mizaha, hakupenda kuona shughuli inachacha. "Turudie shughuli," akasema. "Maneno si yale yale, na watu si wale wale?"

Watu wakacheka, wakafurahi hata kuliko jana. Nguo zilizokuwa zimekunjwa zikavaliwa tena. Wageni wakatolewa nje ili wapige hodi upya. Barua ikasomwa tena, mshenga akaongeza na mbwembwe ambazo jana hakuwa nazo. Mimi nikaionyesha kamera karatasi nyeupe, nikatoa plasta, nikawasha kila kilichokuwa kimezimwa. Kitaa chekundu kikawaka, kila mtu akakiona.

Binti akaitwa. Akapiga magoti pale pale. Baba akamwuliza kama anawafahamu wageni hawa, akasema anawafahamu. Akamwuliza tuwapokee au tuwarudishe. Binti aliinua kichwa akaitazama kamera, akaitazama sana, macho makavu. Nikasikia maji ya bati yanadondoka kwenye ndoo nje. Fundi wangu alinifundisha kwamba mtu akitazama lenzi picha imeharibika, unamkumbusha kwa upole.

"Dada, usitazame kamera," nikamwambia. "Watazame wazee."

Akawatazama wazee. Akasema ndiyo, tuwapokee.

Picha ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopiga maishani, na nasema hivyo kwa uchungu, sijisifu. Saa kumi kwa mwenye mashine watu walishangilia wakaomba irudishwe mara tatu. Maji yalipopungua tukaondoka. Harusi nayo niliichukua mimi, Ifakara, siku nzima na betri nne. Nilimwona bibi harusi kitunduni kwa saa nyingi na hakunitazama hata mara moja. Mteja akasifu, mwenye studio akasifu.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa Mkula, gari letu limepasuka tairi, dereva anahangaika na jeki. Nikaingia kwenye kibanda cha chai kilichokuwa hapo barabarani. Akanihudumia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, nikapokea kikombe, na ndipo tukatambuana. Tukasalimiana vizuri tu. Alisema mume wake amefungua duka la pili hapo, wanaishi, watoto wawili, hawajambo. Hakuwa amekonda wala kunenepa. Alipangusa meza ambayo ilikuwa safi, akabaki amesimama, na nikajua kuna kitu.

"Kaka, nikuulize," akasema. "Siku ile mama ananisuka, kamera yako ilikuwa pembeni yangu. Nilikiona kigurudumu kinazunguka kwenye kale kadirisha kake, kama kwenye redio kaseti ikirekodi. Nikajua inanasa. Yale maneno niliyasema kwa sauti makusudi, ili kesho yake wayasikie wote. Mimi kwa mdomo wangu mbele ya baba nisingeweza."

Mtoto alianza kulia, akamtikisa kidogo mgongoni, akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili na sikukisikia kama ni cha moto.

"Wewe uliyasikia, kabla haujaharibika?"

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema kweli. Dereva hakuwa amemaliza, barabara ilikuwa tupu, hakuna aliyekuwa anatusikiliza.

"Hapana," nikamwambia. "Ulitoka mweusi wote."

Akashusha pumzi. Akatabasamu, tabasamu la kwanza nililowahi kuliona kwake, na sijawahi kulifanyia kitu cha kunipa haki nalo.

"Afadhali," akasema. "Miaka yote hii nilidhani uliyasikia ukayaficha."

Akaniongezea chai bila mimi kuomba. Nikainywa yote.